Kilo ya sukari nyumbani kwako huisha siku ya ngapi?

Hotuba kwa watumishi wa ofisi, mama lishe na wakazi wa Jiji la Dodoma, iliyopangwa kwa ajili ya kusomwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, mama zangu, baba zangu, na vijana mliosimama kule mlangoni, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie kuishi kwa afya. Punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi, kula mboga: hakuna aliyetoka nyumbani leo akiwa hajui hayo. Yako kwenye redio, yako kwenye kuta za zahanati. Ambacho watu hawaambiwi ni kiasi. Upunguze kutoka ngapi hadi ngapi? Kwa muda gani? Ukikwama wiki ya pili, ufanye nini? Kwa hiyo leo tutasema kwa vijiko, gramu na dakika, na tutashikilia jambo moja tu: hatua iwe ndogo kiasi kwamba mwili na watu wa nyumbani wasipate sababu ya kugoma.

Tuanze na sukari. Kilo nyumbani kwako huisha siku ya ngapi? Kaya ya watu 6 ikimaliza kilo kwa siku 5, kila mmoja anakula gramu 33 kwa siku, na hapo hatujagusa soda wala maandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya chakula, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai. Sasa tazameni: kilo ileile ikifika siku ya 7 kwenye kaya ileile, kila mtu ameshuka hadi gramu 24. Umbali kati ya hali hizo mbili ni siku 2.

Siku hizo 2 zinapatikana kwenye kijiko chenyewe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba gramu 4 hivi. Kijiko cha mlima, kama wengi wetu tunavyochota, hufika gramu 6 au 7. Wiki 2 za kwanza, basi, usipunguze idadi ya vijiko. Kama ni vitatu, weka vitatu, ila kila kimoja kisawazishe kwenye ukingo wa kopo. Umeshapunguza theluthi nzima bila kumnyima mtu kijiko. Wiki ya 3 na ya 4 weka viwili na nusu. Wiki ya 5 na ya 6 viwili. Ukifika kimoja na nusu, kaa hapo mwezi mzima kabla ya kuamua kama unaendelea kushuka.

Kwa nini polepole hivyo? Ulimi huzoea utamu na chumvi kwa wiki nyingi, na huzoea upungufu kwa mwendo huohuo. Anayeshuka kutoka vijiko vitatu hadi sifuri siku ya Jumatatu huwa tumeshampokea tena Alhamisi, na safari hii ana kijiko cha nne cha hasira.

Kuna nyumba ambazo chai huchemshwa na sukari yake kwenye sufuria, ikaingia kwenye chupa ikiwa tayari tamu. Hapo anayeamua kwa niaba ya wote ni mpishi. Wengine hushauri chai iwekwe bila sukari na kopo likae mezani, kila mtu ajipimie. Sisi hatuupendi sana ushauri huo kwenye nyumba yenye watoto, maana mtoto akiachiwa kopo, mlima unakuwa Kilimanjaro. Afadhali mpishi apunguze kijiko kimoja cha chakula kwenye sufuria kila baada ya wiki 2, na asitangaze. Ukitangaza, utapata kamati.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni sukari kuhama. Imetoka kwenye chai, imeingia kwenye soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba takribani gramu 37 za sukari, zaidi ya vijiko 9. Mchana wa Oktoba hapa Dodoma, jua likiwa la utosi, ni rahisi sana kumaliza mbili. Juisi nayo isitudanganye kwa sababu tu imetengenezwa nyumbani. Mkoa wetu una zabibu, na zabibu mbichi ukizila punje kwa punje, na ganda lake, kichala kimoja kidogo kinakutosha. Ukizikamua unakunywa vichala kadhaa kwa dakika 2 na nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio. (Zikishakuwa divai hiyo ni mada ya siku nyingine, na mwenye masikio ameshaelewa.) Ubuyu vilevile: unga wa ubuyu ni chakula kizuri, una vitamini C nyingi, lakini ule mwekundu wa kwenye pakiti umefunikwa sukari na rangi.

Tahadhari moja kabla hatujaondoka hapa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kupunguza chakula au sukari kwa kasi kabla ya kuongea na kliniki yake. Dozi ilipangwa kwa mlo wake wa zamani. Mlo ukishuka na dozi ikabaki palepale, sukari ya damu inaweza kuanguka: jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo hapo anahitaji sukari ya haraka, kama nusu glasi ya soda au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Akiwa hajitambui, msimtilie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Chumvi inapimwa kwa kalenda kama sukari. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kaya ya watu 5 haitakiwi kuvuka gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo ifike siku 20 au zaidi. Ikiisha siku ya 12, kila mtu anakula gramu 8 na kitu. Siku unayofungua pakiti, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Kazi ni hiyo tu mwezi wa kwanza. Usipunguze chochote, jua kwanza unasimama wapi. Pakiti ya pili ilenge kuongeza siku 2, ya tatu siku 2 nyingine. Kwa nini tunasema 20 au zaidi? Kwa sababu mkate, samaki wakavu, chipsi na vile viungo vya pakiti na vya mchemraba vina chumvi yake ambayo pakiti yako haiioni. Ukitia kiungo cha mchemraba kwenye mchuzi, chumvi iwe nusu ya kawaida yako, na uionje kwanza.

Hapa kwetu kuna mlango mwingine ambao watu wa pwani hawaufikirii, nao ni magadi kwenye mlenda. Magadi ni madini ya sodiamu. Sodiamu ndiyo ileile iliyo kwenye chumvi inayopandisha presha, na zaidi ya hapo magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Hatusemi muache mlenda. Mlenda na karanga juu ya ugali wa mtama au uwele ni katika vyakula bora tulivyonavyo. Tunasema kipande cha magadi kipungue nusu mwezi huu na nusu tena mwezi ujao. Mlenda wenyewe unateleza kwa asili yake. Magadi yanaulainisha haraka na kuupa rangi, basi. Ukiyapunguza, ongeza dakika chache jikoni.

Na katika kukimbia chumvi msiangukie chumvi ya kienyeji isiyo na madini joto. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto, itie chakula kikikaribia kuiva. Ukiitia mapema, ladha inazama na utaongeza nyingine mwishoni. Kile kichupa cha mezani kirudi kabatini. Mwenye kuitaka anyanyuke akaifuate. Wengi hawanyanyuki.

Mama lishe, hapa tunawategemea ninyi kuliko daktari yeyote. Nchini Finland, mkoa wa North Karelia, ulianza mradi mwaka 1972 chini ya daktari Pekka Puska, wakati huo wanaume wa kule walikuwa wakifa kwa magonjwa ya moyo kwa wingi wa kutisha. Waliingia majikoni: vyama vya akina mama, waoka mikate, viwanda vya maziwa na soseji. Siagi ikapungua, mafuta ya mimea yakaongezeka, chumvi ikashuka mwaka hadi mwaka. Katika muda wa takribani miaka 40, vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi kule vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sigara pia ilipungua, tusiisahau. Lakini sehemu kubwa ilipita kwenye sufuria. Mama lishe mmoja anayelisha watu 60 mchana, akipunguza robo ya chumvi kwa miezi 3, amewafikia watu 60 ambao hawakuwahi kukaa kwenye semina.

Mafuta tutayapitia kwa haraka. Alizeti ya Singida na ya hapa Dodoma ni mafuta mazuri kwa moyo, ila bado ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Kosa ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu la lita 5. Mkono hauna kipimo. Hamishia kwenye chupa ndogo, toboa tundu moja kwenye kifuniko, na hata hiyo uipitishe kwenye kijiko.

Sasa ugali, na hapa mtuvumilie, tutakaa kidogo.

Watu wakisikia afya hudhani tunataka kuwanyang'anya ugali. Sahani ya mchana ya kawaida hapa mjini ina kilima cha wali au ugali, kipande cha nyama, na mboga kijiko kimoja pembeni kama pambo. Tunakotaka kufika ni nusu ya sahani mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, kunde, samaki, mayai au nyama. Ukianza kwa kukata ugali, saa 10 jioni utakuwa unatafuta chapati. Anza kwa kuongeza mboga. Wiki 2, sema hivi kwa anayekupakulia: "Dada, niwekee kama kawaida, mboga mara mbili, nakuongezea hela." Kula mboga na maharage kwanza, ugali ufuate. Wiki ya 3 utaona tonge la mwisho linabaki lenyewe. Hapo ndipo unamwambia apunguze.

Halafu unga. Sembe nyeupe imeondolewa pumba na kiini. Dona ina vyote, ndiyo maana inashibisha muda mrefu. Waliohama ghafla wengi walirudi, watoto walilalamika kwamba ugali ni mzito na mweusi. Changanya: sehemu 3 za sembe kwa 1 ya dona kwa wiki 2, kisha nusu kwa nusu, kisha 1 kwa 3. Unga wa mtama au uwele unaingia kwa utaratibu huohuo, ukianzia na robo, na utahitaji kusongwa zaidi kwa kuwa haushikani kama mahindi.

Dona ina masharti mawili. La kwanza, kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha mapema. Saga wa wiki 2, usisage gunia. La pili ni zito zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoingia ukungu. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zilezile tunazowaambia msizitupe. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo anayekula dona lazima awe mchambuzi: mwaga mahindi kwenye ungo, toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, zilizotobolewa na wadudu. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasilale kwenye udongo, na yahifadhiwe juu ya chaga mbali na ukuta. Karanga vivyo hivyo, na hasa zile za kusagwa tayari, maana zilizoharibika hupendwa kusagwa ili zisionekane. Nunua nzima, chambua, saga mwenyewe. Kama huna nafasi ya kuchambua, kula sembe na uongeze mboga na kunde. Tunasema hivyo bila aibu.

Tuje kwenye miguu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva na konda walifanya kazi kwenye gari moja, ila dereva alikaa siku nzima na konda alipanda na kushuka ngazi za ghorofa ya basi. Madereva ndio waliougua moyo zaidi. Madereva wa daladala, bajaji na bodaboda mlio hapa, na ninyi wa viti vya kuzunguka kwenye ofisi za Serikali kule Mtumba, mko upande mmoja na dereva huyo.

Kiwango cha mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo: unaweza kuongea, kuimba huwezi. Usianze na 150. Wiki 2 za kwanza, dakika 10, siku 5. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Wiki ya 3, fanya hivyo asubuhi na jioni. Ukishakuwa na dakika 20 kwa siku, ongeza 5 kila baada ya wiki 2 hadi ufike 30. Magoti yakiuma zaidi ya siku 2, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea na kuondoka ukisimama ni ya kwenda nayo hospitali siku hiyohiyo.

Hizo hatua 10,000 za kwenye simu zisimtishe mtu. Namba hiyo ilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti wa mwaka 2019 ulioongozwa na I-Min Lee, uliofuatilia wanawake wazee wa Marekani, ulionyesha waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale wa 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500.

Serikali ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na jogging za pamoja zina raha yake. Lakini mtu anayekimbia kilomita 5 mara moja kwa mwezi na kukaa siku zote zilizobaki anapata maumivu ya misuli, basi. Itumieni Jumamosi hiyo kujipima.

Hali ya hewa yetu nayo ipangiwe. Tembea kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Juni hadi Agosti kuna upepo na vumbi, funika pua kwa kitambaa, hasa mwenye pumu. Masika makorongo yakijaa, tumia ngazi na korido. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unaishiwa maji bila taarifa. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Maji ya baadhi ya visima yana ladha ya chumvichumvi, na hiyo ndiyo inawasukuma wengi kwenye soda. Yachemshe, yapoze kwenye mtungi, kamulia limau.

Sasa, haya yote yanashikaje? Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walitoa utafiti wa watu 96, kila mmoja akijenga zoea moja dogo la kila siku. Kwa wastani zoea lilianza kujiendesha lenyewe baada ya siku 66. Mwingine siku 18, mwingine ilikadiriwa angehitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Chukueni mambo matatu hapo. Chagueni jambo moja tu kwa miezi 2, maana anayeanza na chumvi, sukari, mazoezi na usingizi siku moja hana hata kimoja mwezi ujao. Lifungeni kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya: nikishapiga mswaki nanyoosha mwili dakika 3, nikitoka swala ya alfajiri nazunguka mtaa, taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikiisha naweka simu mbali na kitanda, maana mtu mzima anahitaji usingizi usiopungua saa 7. "Nikipata nafasi" haina saa. Na ukikosa leo, kesho endelea palepale, bila kulipa deni wala kuanza hesabu upya.

Ramadhani na Kwaresima zinatuonyesha kwamba watu wanaweza kubadili ratiba nzima ya kula kwa mwezi au zaidi wakifanya pamoja. Tatizo huja Idi na Pasaka, siku moja inarudisha yote. Atakayetumia mfungo kushusha sukari ya futari na uji, aamue kabla ya Idi ni kijiko kipi hakitarudi.

Tumalizie na vipimo, kwa sababu foleni imeshaanza kule. Kiuno kinapimwa kwa futikamba ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kubana tumbo. Mwanaume akifika sentimita 94, mwanamke 80, hatari imeanza kupanda. Sentimita 2 chini katika miezi 3 ni maendeleo ya kweli, hata kama mzani haujasogea. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tutairudia siku nyingine kabla ya kukuita mgonjwa. Wenye dawa ambao presha imekuwa nzuri, msiziache. Imekuwa nzuri kwa sababu mnazimeza.

Nendeni viti vya kushoto mkae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, kibofu kikiwa kitupu. Mikono ya nguo ipandishwe, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na mtu asiongee wakati mashine inasoma. Mliokunywa kahawa pale nje, au kuvuta sigara, tutawapima wa mwisho, baada ya nusu saa.